Jogoo wa Jogoo Road

Msomaji, ukipata nafasi asubuhi moja ya siku ya kazi, simama kando ya Jogoo Road, mashariki ya mji wa Nairobi, uwatazame watoto wadogo wanaopelekwa shule za chekechea. Wengine wameshikwa mkono na dada zao, wengine wako mgongoni mwa mama zao, na wachache wanatembea peke yao kwa ujasiri ambao wewe na mimi hatuna mbele ya magari kama yale. Njia wanayoivuka ina jina la ndege wa kufugwa. Zamani za utawala wa Waingereza iliitwa Doonholm Road, kwa jina la shamba la ng'ombe wa maziwa lililokuwa upande ule. Baada ya uhuru wa mwaka 1963 ikaitwa Jogoo, kwa sababu jogoo ndiye aliyekuwa alama ya KANU, chama kilichoanzishwa mwaka 1960. Wapiga kura wengi wa siku zile hawakujua kusoma, lakini hakuna aliyeshindwa kumtambua jogoo alipomwona amechorwa.

Nyumbani mtoto huyu amekwisha kumwona jogoo mwingine juu ya pakiti ya unga wa mahindi, naye aweza kukutajia jina la unga ule kabla hajaijua herufi hata moja. Na Wizara ya Elimu yenyewe, ambayo huamua watoto wasome nini, ina makao yake katika jengo liitwalo Jogoo House.

Basi waweza kudhani kwamba mtoto wa Eastlands, aliyezungukwa na majogoo namna hii, hakukosa kitabu cha picha cha kumsimulia habari za jogoo, mbuzi na ng'ombe kwa maneno ya vina. Alikikosa kwa muda mrefu sana, na hata leo bado ni wachache wanaokipata. Sababu zake ni za historia, nami nataka kukueleza baadhi yake. Lakini kwanza yafaa niungame kosa langu mwenyewe, maana ndilo lililonifanya niitafute historia hiyo.

Mimi ni mwalimu, na kwa miaka kadhaa sasa nafundisha katika chuo cha ualimu. Kazi yangu mojawapo ni kuwafuata wanafunzi wetu wanapokwenda mazoezini katika madarasa ya watoto wa miaka 4 na 5. Siku moja, katika shule ndogo ya mtaa mmojawapo wa Eastlands, nilitaka kuwaonyesha wanafunzi wangu jinsi kitabu kinavyosomwa mbele ya watoto. Nilichukua kitabu kizuri cha wanyama wa shambani, kilichochapwa ng'ambo, chenye vina vya Kiingereza na rangi za kupendeza. Kulikuwa na ghala jekundu, nguruwe katika matope, mkulima mwenye kofia ya majani makavu, na kondoo mweupe aliyevimba manyoya kama wingu. Nikaufungua ukurasa wa kondoo, nikamwuliza mtoto aliyekaa karibu na dirisha, "Huyu ni nani?"

Akatazama kwa makini, kisha akajibu, "Ni mbwa, Mwalimu."

Nilicheka. Darasa lote likacheka kwa kuwa mimi nilicheka. Mtoto akainamisha kichwa, wala hakufungua kinywa tena mpaka kengele ilipolia.

Jumamosi iliyofuata nilikwenda Kiamaiko, kule karibu na Huruma, ambako mbuzi wengi wanaoletwa kutoka kaskazini mwa nchi huuzwa na kuchinjwa. Nikamkuta mtoto yule yule akisimama kando ya zizi na babu yake. Hakunikimbia. Alinionyesha mbuzi mmoja mmoja: yupi beberu, yupi ana mimba, yupi alivunjika pembe akiwa ndani ya lori. Kondoo walikuwapo pia, wa aina ya Kimasai, wekundu, wenye nywele fupi na mkia mnene wa mafuta. Nikawatazama, nikakumbuka lile wingu jeupe la kitabuni. Kwa kweli lilifanana zaidi na mbwa wa tajiri kuliko kondoo yeyote aliyekuwa mbele yetu. Mtoto hakukosea, aliitazama picha kwa uaminifu, akasema alichokiona.

Sasa tuirudie historia yenyewe. Kitabu cha kwanza cha picha kilichojulikana sana duniani kwa ajili ya watoto kilitolewa mwaka 1658, katika mji wa Nuremberg, nchi ya Ujerumani. Mwandishi wake alikuwa Comenius, mwalimu na mchungaji aliyezaliwa mwaka 1592 na kuishi miaka mingi ugenini kwa sababu ya vita vya dini. Kitabu kiliitwa Orbis Sensualium Pictus, yaani ulimwengu wa vitu vinavyoonekana, uliotiwa katika picha. Jambo la kustaajabisha ni namna alivyoanza. Hakuanza kwa kumtaka mtoto akariri herufi tupu. Aliweka kando ya herufi picha za viumbe na sauti wanazozitoa: kunguru, mwanakondoo, bata, kifaranga, punda. Mtoto alimwona mwanakondoo, akalia kama mwanakondoo, na katika kulia kwake akawa ameitamka herufi. Comenius alitambua kwamba mtoto huja shuleni akiwa tayari anazo sauti nyingi masikioni, na kwamba sauti za wanyama wa nyumbani ndizo anazozifurahia kupita zote.

Lakini angalia, msomaji: wanyama wa Comenius walikuwa wanyama wa mahali pake. Kila nchi ya Ulaya iliyofuata mfano wake ilichora mifugo yake yenyewe, na wachapaji wa Uingereza waliposhika kazi hiyo, walichora kondoo wa manyoya kwa kuwa ndiye waliyemjua. Hapakuwa na kosa lolote katika jambo hilo. Tatizo lilianza kondoo yule alipopakiwa melini.

Je, Nairobi ilikuwaje? Mji huu ulianza mwaka 1899 kama kambi ya reli, na kwa muda mrefu serikali ya kikoloni haikutaka Mwafrika aishi humo na jamaa yake. Alitakiwa kuja mwanamume peke yake, afanye kazi, kisha arudi kwao. Nyumba nyingi za upande wa mashariki zilijengwa kwa fikira hiyo. Mtu alipewa nafasi ya kitanda, si nyumba ya kulelea watoto. Pumwani, iliyofunguliwa mnamo miaka ya 1920, ilikuwa tofauti kidogo, maana wenyeji waliruhusiwa kujenga nyumba zao wenyewe, na humo wakakaa jamaa nyingi za Kiislamu zilizosema Kiswahili. Watoto wa Pumwani walijifunza herufi chuoni kwa mwalimu wa Kurani, tena walijifunza kwa kuimba, wakiyumba pamoja, kila herufi na mwendo wake. Nani aliyewafundisha waalimu wale kwamba sauti yenye mapigo hukaa kichwani kuliko sauti kavu? Hawakuhitaji kufundishwa na Comenius.

Mtaa wa Kaloleni, uliojengwa katika miaka ya 1940, ndio mmojawapo wa mitaa ya kwanza ya Waafrika iliyopangwa kwa kuwafikiria mume, mke na watoto wao. Ukienda leo utaona bado viwanja vilivyoachwa katikati ya nyumba, na ukumbi mashuhuri ambamo mikutano mingi ya siasa ilifanyika. Tunapouliza kwa nini hapakuwa na vitabu vya watoto wachanga Eastlands kabla ya wakati huo, basi jibu moja ni hili: kwa mujibu wa hesabu za serikali, watoto wenyewe walikuwa kama hawapo. Nani atamchapia kitabu mtu asiyehesabiwa?

Maktaba ilikuwako mjini. McMillan Memorial ilifunguliwa mwaka 1931, jengo la fahari lenye simba wawili wa mawe mlangoni, lakini kwa miaka mingi ilikuwa ya Wazungu peke yao. Mwaka 1962 ikaingia mikononi mwa Halmashauri ya Jiji, na baadaye ikawa na matawi mawili upande wetu, moja Kaloleni na jingine Makadara. Matawi hayo yalichakaa sana, mpaka shirika la Book Bunk, lililoanzishwa mwaka 2017, likayatengeneza upya.

Na wachapaji je? Mwaka 1948 ilianzishwa East African Literature Bureau, kufuatana na uchunguzi uliofanywa na mwandishi Elspeth Huxley. Idara hiyo ilifanya kazi kubwa ambayo haifai kusahauliwa. Chini ya chapa yake iitwayo Eagle Press, ndipo Kaluta Amri Abedi alipotoa mwaka 1954 kitabu chake cha sheria za kutunga mashairi, ambacho waalimu wako bado wanakitegemea wanapokufundisha vina na mizani. Lakini wasomaji waliofikiriwa zaidi ni watu wazima waliojifunza kusoma karibuni, na wanafunzi wa shule. Mtoto wa miaka 4 hakuwamo sana katika fikira hizo, na sababu moja ni ya fedha. Picha ya rangi huchapwa kwa kupitisha karatasi katika wino wa rangi mbalimbali, na gharama ya kuitayarisha ni ile ile ukichapa nakala 500 au 50,000. Mchapaji wa London aliweza kuigawa gharama hiyo juu ya wasomaji wa nchi nyingi, wa Nairobi hakuweza. Kwa hiyo kitabu cha ng'ambo, pamoja na nauli yake ya meli, kiliweza kupendeza kuliko cha hapa kwa bei ambayo mchapaji wetu hakuiweza.

Kisha ikaja habari ya lugha. Mwaka 1957 serikali ilifungua Nairobi kituo kilichoitwa Special Centre, na humo ukaanza mpango wa kufundisha kwa Kiingereza tangu darasa la kwanza. Ulianza katika shule za Wahindi, ukaenea upesi katika shule za Waafrika miaka ya 1960, na wazazi wengi wa Eastlands waliupenda, kwa maana waliona ni nani wanaopata kazi mjini na wanasema lugha gani. Tume ya Profesa Ominde ya mwaka 1964 iliukubali, ingawa ilisema pia kwamba kila siku kiwepo kipindi cha hadithi kwa lugha ya nyumbani. Napenda kuiwaza tume ile: wazee wenye busara, wameizungumza nchi nzima, na bado wamekumbuka kumwachia mtoto nafasi ya hadithi. Lakini kipindi kisicho na kitabu, wala mtihani, ni rahisi sana kuliwa na hesabu.

Hivyo mtoto wa Maringo au Jericho aliingia shule na kukutana na wimbo wa shambani katika lugha ambayo hakuijua, juu ya wanyama ambao hakuwaona, na kwa vina ambavyo sikio lake halikuvisikia. Jambo hili la mwisho watu hulisahau. Kina ni deni la sauti. Mstari wa kwanza unakopa, wa pili unalipa, na mtoto anangoja malipo kwa hamu, hata mara nyingi anayataja kabla ya mwalimu. Kwa njia hiyo anajifunza, bila ya kuambiwa, kwamba maneno yamejengwa kwa silabi. Lakini deni la Kiingereza halilipwi kwa Kiswahili. Neno la Kiingereza la mbuzi linafanana kwa sauti na neno lao la mashua, kwa hiyo katika vitabu vyao mbuzi hupanda mashua mara kwa mara. Ukitafsiri, mbuzi bado yumo mashuani, ila hakuna ajuaye alikwenda kufanya nini humo.

Na hali lugha yetu haina umaskini wowote katika jambo hili! Silabi zake karibu zote huishia kwa vokali, basi vina vyake ni vingi kama kokoto. Ng'ombe hupatana na kikombe, na papo hapo mtoto ameonyeshwa maziwa yanatoka wapi. Punda hupata tunda. Bata hukata, hupata, hufuata. Mbuzi hupatana na mchuzi, kina ambacho kwa mtoto wa Kiamaiko ni cha kweli kupita kiasi.

Msaada ulianza kuja katika mwaka 1971, wakati Taasisi ya Elimu ya Kenya, kwa fedha za shirika la Bernard van Leer la Uholanzi, ilipoanza mradi wa elimu ya chekechea. Mwaka 1984 kikaundwa kituo cha taifa cha elimu hiyo, kinachojulikana kwa kifupi NACECE. Waalimu wa chekechea, wengi wao wanawake waliolipwa kidogo na wazazi, walikusanya nyimbo, vitendawili na hadithi za nyumbani, wakatengeneza vifaa vyao wenyewe kwa maboksi na magunia. Mwaka 1985 ulipoanza mfumo wa 8-4-4, Kiswahili kikawa somo la lazima na la kutahiniwa katika shule za msingi, na wachapaji wakapata sababu ya kuchapa Kiswahili. Lakini walifuata mtihani, na mtoto wa chekechea hana mtihani. Katiba ya mwaka 2010 iliikabidhi elimu ya kabla ya shule ya msingi kwa serikali za kaunti. Na tangu mwaka 2014 African Storybook, kazi iliyoanzia Afrika ya Kusini, imetoa kwa njia ya intaneti hadithi za picha zisizouzwa, kwa lugha nyingi na Kiswahili kimo. Hizo zimetufaa sana. Hata hivyo nyingi ni za nathari, wala si za vina.

Kuna mtu ataniuliza, mtoto wa mjini ana haja gani na mbuzi? Afadhali aandikiwe habari za basi na taa za barabarani. Swali hili lingekuwa na nguvu kama wanyama wangekuwa wamehama. Sheria za manispaa zilijaribu kuwafukuza tangu ukoloni, na askari wa jiji wamekamata kuku na mbuzi wengi, lakini hata siku moja mifugo haikuisha Eastlands. Hatimaye kaunti ya Nairobi ilipitisha sheria ya mwaka 2015 ya kuendeleza na kusimamia kilimo cha mjini, na hivyo ikayapa kibali mambo ambayo kila nyanya wa Shauri Moyo mwenye kuku watatu alikuwa akiyafanya. Mnyama wa mjini yuko. Ila yuko kwa namna yake: anavuka barabara, anakula maganda ya ndizi sokoni, analala karibu na gari lililoharibika. Hana ghala jekundu.

Baada ya siku ile ya Kiamaiko niliwaambia wanafunzi wangu chuoni kisa changu chote, pamoja na kicheko changu. Tukakubaliana tutunge kitabu chetu, kurasa 12, kila ukurasa mnyama mmoja na mistari minne ya mizani minane. Ubeti mmoja, uliotungwa na kijana aliyekulia Makadara, ulikuwa huu:

Mbuzi katoka sokoni,
Kapita barabarani,
Kasimama kituoni:
Basi halina nafasi.

Hesabu mwenyewe, msomaji, utaona mizani haikupungua wala kuzidi. Tulibishana juu ya mstari wa mwisho. Kijana alitaka kutia neno la Sheng la matatu, nami nikalikata kwa kalamu nyekundu, kwa hoja kwamba kitabu cha shule kifuate lugha sanifu. Sina hakika hata sasa kama nilifanya vema. Mtoto angelicheka zaidi.

Picha tulizichora kwa mkono, tukashona kurasa kwa uzi wa gunia, na jalada tukalikata kutoka boksi la sabuni. Zilitoka nakala sita. Nikachukua moja, nikaenda nayo katika shule ile ndogo. Mwaka ulikuwa umepita, na mtoto wa dirishani alikuwa amehamia darasa la kwanza katika shule ya jirani, basi nikamngoja langoni jioni. Alinisalimu kwa adabu, "Shikamoo, Mwalimu," akakipokea kitabu kwa mikono miwili. Alisoma polepole, akifuata kwa kidole. Alipofika kituoni kwa yule mbuzi alitabasamu, kisha akaitazama picha kwa muda mrefu, na uso wake ukawa kama ule wa siku ile ya kwanza. Nikangoja.

"Mwalimu," akasema, "nikisema hutacheka?"

Nikamwambia sitacheka.

"Mbuzi huyu mmemchora na pembe za ng'ombe."

Nilikaa chini kwenye jiwe la langoni, nikampa kalamu yangu ya risasi. Alifuta kwa kidole kilicholoweshwa mate, jambo ambalo huwa nalikataza darasani, akachora pembe mbili zilizolala nyuma. Nakala nyingine tano tulizisahihisha chuoni wiki ile ile, kwa kufuata mchoro wake.